Tupeane uzoefu: Nadir Haroub "Cannavaro" amekuachia kumbukumbu gani?

Wakuu, habari za wakati huu.

Juzi nilikuwa kijiweni, vijana wanabishana kuhusu beki bora wa kati kuwahi kuvaa jezi ya Yanga. Kila mtu anawataja hawa wa sasa, na sikuwalaumu, mtu humsifia aliyemwona. Nilipomtaja Cannavaro, dogo mmoja akaniuliza: "Kwani yule alifunga mabao mangapi?" Nikakosa jibu la haraka, maana beki yule mimi sikuwahi kumhesabia mabao. Nilikuwa namhesabia usingizi niliolala vizuri baada ya mechi.

Kwa wasiomjua: ni Mzanzibari, alitua Jangwani, yaani Yanga, mwaka 2006, mwaka uleule nahodha wa Italia ambaye mashabiki walimwazima jina lake alibeba Kombe la Dunia. Mwaka 2009 alikwenda Canada kuichezea Vancouver Whitecaps, akarudi, akaendelea na jezi yake namba 23 mpaka alipostaafu mwaka 2018. Aliongoza Yanga akiwa nahodha, timu ya taifa, Taifa Stars, hivyohivyo. Katika miaka yake tulichukua ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara mara nyingi, ikiwemo ile mitatu ya mfululizo kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2016/17.

Nianze na la kwangu. Mjomba wangu ni fundi cherehani Tandika. Mpira anaupenda kuliko chakula, lakini alikuwa na tatizo moja: wapinzani wakipata kona, hawezi kutazama. Anainuka, anatoka nje ya banda umiza, kile kibanda cha kulipia kutazama mpira, anasimama karibu na ukuta akisubiri kelele. Akisikia kimya, anarudi. Tulimzoea, hata mwenye banda alikuwa hamdai tena kiingilio akitoka na kuingia.

Sijui ilianza lini kubadilika. Nakumbuka kwanza aliacha kutoka kabisa, akawa anasimama mlangoni. Baadaye akawa anakaa ila ameinamisha uso. Halafu siku moja, mechi ya ligi, wapinzani wamepata kona tatu za mfululizo, nikageuka kumtazama. Amekaa. Anatazama. Nikamuuliza, "Mjomba, leo vipi?" Akasema, "Si yupo pale." Hakumtaja jina, na sikuhitaji anitajie.

Karibuni, kila mtu na lake.

---

Mdau wa Kikwajuni, Unguja

Asalaam alaykum. Mie nataka kuwakumbusha kuwa kabla hajawa wenu alikuwa wetu, na hata alipokuwa wenu alibaki wetu.

Desemba 2012, Kombe la Chalenji, lile la Afrika Mashariki na Kati, kule Kampala. Zanzibar tunagombania nafasi ya tatu, na mpinzani nani? Bara. Kilimanjaro Stars. Barazani kwetu pana wazee wanaoshabikia Yanga tangu ujana wao, na siku hiyo walikuwa wamekaa na kahawa zao hawajui waseme nini, maana wachezaji wa pande zote mbili ni watoto wao. Mzee mmoja akasema Cannavaro leo anakaba watu anaokula nao sahani moja kwenye Taifa Stars. Tukatoka sare ya 1-1, tukashinda kwa penalti. Mzee yule alilia. Alikuwa hajali shaba wala pesa. Kilichomliza ni kuona kuwa mtoto wa kisiwani hakulegeza mguu mbele ya jezi ya bara, ingawa keshokutwa anarudi Dar kuwachezea watu walewale.

Kwa wale wa huko bara, mkisema Zanzibar ni ndogo, mkumbuke ngome yenu ilishikwa na nani.

---

Mnyama wa Msimbazi

Watani, naomba nafasi. Mimi ni Simba damu na sitabadilika, lakini mada hii nimeshindwa kuipita.

Kijiweni kwetu kila wiki ya dabi, tulipokuwa tunapanga vikosi, swali la kwanza lilikuwa: "Cannavaro yupo?" Tukisikia ana maumivu, hata kabla hayajathibitishwa, watu wanaanza kuagiza soda. Tukisikia yupo, mazungumzo yanabadilika, tunaanza kuzungumzia mashuti ya mbali, maana mipira ya juu tulijua tunapoteza muda. Ukimrushia krosi ilikuwa kama kupiga panga kwenye kisiki cha mpingo.

Sasa niseme ukweli ambao nyie hamtapenda. Oktoba 20, 2013. Mapumziko mnaongoza 3-0, Ngassa moja, Kiiza mbili. Mimi nilikuwa mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, nikaona wenzangu wanaondoka. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimekuja na mdogo wangu na yeye alikataa kuinuka. Kipindi cha pili Mombeki akafunga, Owino akafunga, na dakika zikiwa zimeyoyoma Gilbert Kaze akasawazisha. 3-3. Uwanja ulitikisika. Siku ile ngome yenu yote ilivuja, na Cannavaro alikuwemo.

Nimeileta hii kwa heshima, si kwa kuchokoza. Mtu akimsifia beki kama vile hakuwahi kufungwa, anampunguzia. Nilichokiona mimi ni mtu aliyefungwa mbele ya uwanja mzima na bado akawa beki ambaye msimu uliofuata tulianza tena na swali lilelile: yupo?

---

Mwanzisha uzi

Mtani, umesema vizuri, na nakushukuru kwa kubaki mpaka mwisho siku ile, mimi nilipoteza sauti wiki nzima. Ila umeishia njiani. Baada ya ile 3-3, msimu huohuo, miezi minne na siku chache mbele, kilitokea nini? Mwenye kumbukumbu ya Machi 1, 2014 ajitokeze.

---

Mama wa mihogo, Temeke

Nimejitokeza mwanangu.

Wakati ule nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga na kachumbari nje ya Uwanja wa Taifa, upande wa Barabara ya Mandela. Mimi mechi sijawahi kuitazama ndani, ni kuisikia tu. Ukikaa pale miaka mingi unajua kila sauti. Bao lililokosekana lina sauti yake, "aaaah" inayoshuka. Mwamuzi akikosea kuna sauti yake. Kona ya kwetu nayo ina yake, watu wanaanza taratibu, inapanda, inapanda, halafu kimya kidogo mpira unapopigwa.

Siku ya Al Ahly nilikuwa nimekaanga mihogo mingi na sikuuza. Watu waliingia mapema kwa wasiwasi, hata kula hawataki. Hao Al Ahly walikuwa mabingwa wa Afrika, na tangu nikiwa msichana nasikia Waarabu wa Misri hatuwawezi. Dakika zikaenda. Kijana wa bodaboda pembeni yangu ana redio, ananiambia zimebaki chini ya dakika kumi. Nikasikia ile sauti ya kona. Ikapanda. Kikaja kile kimya.

Wanangu, sijawahi kusikia mlipuko kama ule. Karai la mafuta lilitikisika jikoni, nikalishika kwa kanga. Bodaboda akatupa redio chini akaanza kukimbia, anakimbia anarudi, anasema "Cannavaro! Cannavaro kwa kichwa!" Dakika ya 82. Watu walipotoka, mihogo yote iliisha kabla ya saa mbili usiku, wengine walinilipa wakasahau chenji, nikiwaita hawasikii.

Nililipa ada ya muhula ya mwanangu wa mwisho wiki ile. Huwa namwambia, wewe sehemu ya ada yako alilipa beki.

---

Mswahili wa Maskati

Mama, umenitoa machozi nikiwa kazini.

Mimi niko Oman tangu 2010, asili yangu Ng'ambo. Mechi ya marudiano kule Alexandria sikuwa na namna ya kuitazama. Intaneti ya chumbani kwetu ilikuwa ya kugawana watu sita. Kaka yangu aliye Dar akanipigia simu, akaiweka simu yake kwenye spika ya redio, akasema usikate, mimi nakwenda kukaa mbali nisije nikapiga kelele ukashindwa kusikia. Basi nikawa nimelala kitandani na simu sikioni, mtangazaji anasikika kama yuko kisimani.

Nilichokuwa nakisubiri ni jina moja tu. Kila Ahly wakija, nangoja mtangazaji aseme "Cannavaro anaondosha". Alilisema mara nyingi mpaka yule Mpakistani wa kitanda cha juu akaniuliza huyu Cannavaro si Mtaliano? Nikamwambia hapana, huyu wa kwetu, Unguja. Tulifungwa 1-0 dakika tisini, tukatolewa kwa penalti 4-3. Salio la kaka likakatika pale pale, sikuweza hata kumpa pole.

Lakini kutolewa kwa penalti na bingwa wa Afrika, nyumbani kwake, tena baada ya miaka yote ile ya kupigwa nyingi? Asubuhi nilikwenda kazini na jezi ya njano ndani ya sare.

---

Namba nne wa mchangani, Mwananyamala

Mimi naongea kiufundi kidogo, maana nimecheza beki wa kati ndondo miaka kumi na mbili.

Watu walimwona Cannavaro kama mtu wa nguvu tu, mtu wa kukata umeme. Nguvu alikuwa nayo. Lakini nilipokuwa naingia Taifa nilikuwa siutazami mpira, namtazama yeye. Mpira wa juu ukiwa bado uko mbali, mabeki wengi wanaanza kusogea kuufuata, mshambuliaji anawageuza kirahisi. Yeye alikuwa anarudi hatua, anaacha nafasi mbele yake, halafu anaingia kwa kasi wakati mpira unashuka. Ndiyo maana alionekana anaruka juu kuliko watu warefu kuliko yeye. Alikuwa amekimbilia mpira, wao wamesimama chini yake.

Jingine ni mdomo. Mikono na mdomo havikupumzika, anampanga beki wa pembeni, anamrudisha kiungo. Alipocheza na Kelvin Yondani, aliyetoka kwa watani, Simba, mwaka 2012, ungeona wanagawana kazi: mmoja anakwenda kupambana, mwingine anabaki kufunika. Mwalimu wetu wa mchangani alikuwa anatuambia tuangalie yule anayebaki, siyo yule anayekwenda.

Mimi nilijaribu. Nilivaa 23 mpaka ikafutika mgongoni, wakaniita Canna mtaani, na mpaka leo watoto wa pale hawajui jina langu la kweli. Goti lilinikatisha mwaka 2017.

---

Dada wa Ubungo

Langu fupi. Januari 2016, kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars alipopewa Mbwana Samatta, na Cannavaro akatangaza kuachana na timu ya taifa, ofisini kwetu tuligawanyika nusu kwa nusu. Mimi nampenda Samatta, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara hili, fahari yetu sote. Lakini niliumia. Sikuweza kuwaeleza wenzangu kwa nini. Leo nikisoma hapa naelewa: nilikuwa nimezoea kuona nyuma kuna mtu, na nikaona nafasi tupu.

---

Mluguru wa Morogoro

Mkuu, mimi nilikuwepo siku ya kumuaga. Agosti 2018, Uwanja wetu wa Jamhuri, Yanga na Mawenzi Market. Nilimpeleka mwanangu, alikuwa na miaka saba. Wengi walilalamika kwamba mtu kama yule alistahili kuagwa Taifa mbele ya watu elfu sitini. Mimi nilifurahi. Sisi wa mikoani tunazoea kuwaona mashujaa kwa mbali, na siku ile nilisimama karibu hata nikasikia sauti yake akiwapanga wenzake, ileile aliyoisema mkuu wa Mwananyamala.

Jezi namba 23 akakabidhiwa Abdallah Shaibu "Ninja", Mzanzibari mwenzake. Mwanangu akauliza, sasa yeye atavaa ngapi? Nikamwambia hatavaa tena. Akanyamaza mpaka tunafika Msamvu, halafu akasema basi ile ya kwake wangemwachia.

---

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimemsomea mjomba uzi wote, macho yake siku hizi hayasomi maandishi ya simu. Ya mama wa mihogo nimeirudia mara mbili kwa agizo lake.

Akaniambia niongeze hili. Siku ya Ahly, baada ya bao, dakika zile za mwisho Waarabu walikuja juu, na banda zima watu walisimama, wengine wakatoka nje kwa hofu. Yeye alibaki kwenye benchi, ameshika kikombe cha chai. Mwenye banda alimfuata akamuuliza kama anaumwa.