Mjadala: Japani imeshamaliza deni lake kwa Wakorea, au bado?

Mtoa mada:
Wakuu, Japani iliitawala Korea kama koloni tangu 1910 hadi 1945. Leo Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, kuna sanamu ya shaba ya msichana aliyeketi kitini akitazama pale ulipokuwa ubalozi wa Japani. Hana viatu, visigino havigusi chini, na kiti cha pembeni yake ni kitupu. Baridi ikiingia watu humvalisha kofia, skafu na soksi. Iliwekwa Desemba 2011 kuwakumbuka wanawake waliolazimishwa kuwatumikia kingono askari wa Japani, wale waliopachikwa jina la kupaka mafuta, "wanawake wa kuliwaza".

Japani ilikiri mkono wa jeshi lake mwaka 1993. 1995 Waziri Mkuu Murayama akaomba radhi kwa ukoloni. 2015 ikakubali kutoa yen bilioni 1. Na msichana bado kakaa. Msimamo wangu: radhi zimeombwa, ila zimepelekwa mlango wa jirani. Makubaliano ya 2015 yalifikiwa na wakubwa. Miaka miwili baadaye kamati ya serikali ya Korea yenyewe ikasema bibi zetu wale hawakusikilizwa vya kutosha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona umeruka mkataba wa 1965 kati ya Japani na Korea Kusini? Japani ilitoa dola milioni 300 bure na milioni 200 za mkopo, na mkataba ukasema madai yamekwisha kabisa. Park Chung-hee, rais wa Korea Kusini wakati huo, akazielekeza kwenye maendeleo, kikiwemo kiwanda cha chuma cha Pohang. Familia za waliofia kwenye kazi za shuruti za Wajapani zikaja kupewa won (fedha ya Korea) 300,000 miaka ya 1970, waliorudi hai hawakuambulia kitu. Sasa nani kala hela za wazee? Wakadai kwao.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nilisoma Busan, mji wa bandari Korea Kusini. Hewa ikiwa safi unakiona kwa macho kisiwa cha Tsushima, Japani hiyo, kama kilomita 50 tu. Wenzangu Ijumaa wanapanda boti, Jumapili wanarudi na mifuko ya vitafunwa.

Ikaja 2019. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Juu ya Korea ilikuwa imeiamuru Nippon Steel, kampuni ya chuma ya Japani, iwalipe wazee wanne waliofanyishwa kazi kwa shuruti won milioni 100 kila mmoja. Tokyo ikabana kuiuzia Korea kemikali tatu zinazotumika kutengenezea chipu na vioo vya skrini. Weee! Wakorea wakasusia, bia ya Kijapani ikadoda madukani. Jamaa wa bweni langu, mgonjwa wa katuni za Kijapani, alifuta safari na hasara ya nauli akaimeza. Leo amesharudi huko mara mbili. Na si yeye tu, 2024 Wakorea walioingia Japani walipita milioni 8, hakuna taifa lililowazidi. Kwa hiyo anayesema wamesahau anakosea, na anayesema wanachukiana naye hajakaa nao.

Mchangiaji wa tatu:
Mnazungumzia watalii tu. Kuna Wakorea waliozaliwa Osaka, wazazi wao wamezaliwa Osaka, na bado kwenye makaratasi ni wageni, kwa sababu 1952 Japani iliwavua uraia wazee wao. Mimi ningepimia uhusiano hapo.

Mtoa mada:
Wa kwanza, la Park nakubali, hata sibishi. Lakini tazama 2023. Rais Yoon aliamua fidia ya wale wazee ilipwe na mfuko wa Korea. Miongoni mwa waliochangia ni POSCO, ndicho kiwanda kilekile cha Pohang, won bilioni 4. Nippon Steel, iliyohukumiwa, haikuweka hata senti. Kosa la Mjapani, anayelipa Mkorea! Wazee wengine mwanzoni walizikataa hizo hela, na mimi nisingewalaumu.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, tuseme Tokyo inagonga mlango wa bibi mmoja mmoja, inapiga magoti, inalipa. Akifariki, akaja rais mpya na wajukuu wakafungua kesi upya, utawaambiaje Wajapani? Hilo hujanijibu.