Uhispania iwaombe radhi Wameksiko, au imalize kwanza deni la Sahara Magharibi?

Mleta mada:
Wadau, mwaka 2019 Andrés Manuel López Obrador, rais wa Meksiko wakati ule, alimwandikia Mfalme Felipe VI akitaka Uhispania iombe radhi kwa waliyofanyiwa wenyeji tangu Mhispania Hernán Cortés aiteke Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521. Madrid ikakataa. Mwaka 2024 Claudia Sheinbaum akaapishwa kumrithi bila kumwalika mfalme, na Uhispania nayo haikupeleka mtu.

Radhi hiyo ni haki yao, lakini mimi nisingeanzia hapo. Waliotenda na waliotendwa wa 1521 ni mavumbi. Liko jeraha jingine la Uhispania, liko Afrika, na wenye jeraha wangali hai.

Sahara Magharibi ilifanywa mkoa wa Uhispania mwaka 1958, watu wake wakapewa vitambulisho vya Kihispania. Baadaye wakaahidiwa kura ya maoni. Mwaka 1974 wakahesabiwa kwa ajili ya kura hiyo, wakapatikana kama 74,000. Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaeleza kwamba madai ya Moroko na Mauritania hayafuti haki ya wenyeji kujiamulia. Hazikupita wiki tatu, Moroko ikawavusha mpaka maelfu kwa maelfu ya raia wake. Tarehe 14 Novemba, dikteta wa Uhispania, Franco, akiwa mahututi, Madrid ikatia saini kuwaachia nchi ile Moroko na Mauritania. Wasahrawi, yaani wenyeji wenyewe, hawakuitwa. Ila kwenye mgodi wa fosfeti wa Bu Craa, Uhispania ilijibakizia hisa 35%.

Hilo linaniuma kuliko yote. Kambini Tindouf, Algeria, walikokimbilia Wasahrawi, kuna wajukuu waliozaliwa ukimbizini wa babu waliokuwa na kitambulisho cha Madrid.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo kwenye "mavumbi" nakupinga. Potosí, Bolivia ya leo, fedha iligunduliwa 1545. Katika miaka ya 1570 Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme, akaziamuru jamii za wenyeji zitoe kwa zamu mwanamume mmoja katika kila saba kwenda mgodini. Mlima ule wa Cerro Rico unachimbwa hadi leo, na wanaoingia mashimoni kuvuta vumbi lile ni wajukuu wa walewale. Hata pwani yetu fedha ya Amerika ilifika: reale ya mzinga waliyoitumia wazee ilikuwa sarafu ya Uhispania, nguzo mbili zilizochorwa juu yake watu waliziona mizinga.

Mchangiaji wa pili:
Mimi radhi ya Meksiko siiafiki kabisa. Cortés alikuwa na Wahispania mamia tu. Tenochtitlan iliangushwa na ndui pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, mahasimu wa Waazteki wa siku nyingi. Na baada ya uhuru wa 1821, nani aliyewahamisha Wayaqui, wenyeji wa kaskazini mwa Meksiko, kwa nguvu hadi mashamba ya katani ya Yucatán? Serikali ya Porfirio Díaz, Wameksiko wenyewe.

Mleta mada:
Potosí nimekubali, na neno "mavumbi" nalirudisha.

Wa pili, ahsante kwa kuwataja Wayaqui, maana López Obrador aliwaomba radhi mwaka 2021, na radhi ile iliambatana na mpango wa kuwarudishia ardhi na maji. Radhi ya namna hiyo ndiyo ninayoidai. Mwaka 2002 mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa aliandika kwamba mkataba ule wa Madrid wa 1975 haukumhamishia yeyote mamlaka ya nchi ile. Mwaka 2022 Pedro Sánchez, waziri mkuu wa Uhispania, akauunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi utawala wa ndani tu chini ya Moroko, na kura ya maoni haijapigwa. Anayeona Uhispania ilishamaliza kazi yake pale atueleze: iliwakabidhi kwa ruhusa ya nani?