Celica GT-Four: ST185 au ST205?

Mzee wa Menengai
Wadau, habari za jioni. Nimepata Toyota Celica GT-Four mbili, zile za tabo zinazoendesha magurudumu yote manne, zinazouzwa hapa nchini, karatasi zote ziko sawa. Moja ni ST185, umbo la zamani, ya 1992, mwenyewe anasema ni RC, lile toleo maalumu la rali. Nyingine ni ST205, umbo lililofuata, ya 1995. Nataka gari la kutunza, nitoke nalo Jumapili, baadaye nimwachie binti yangu. Pesa inatosha moja. Mngechukua ipi?

Kiti cha Kushoto
ST185, kama kweli ni RC. Mzee, ST185 ndiyo iliyotawala Safari Rally: Sainz 1992, Kankkunen 1993, Ian Duncan wetu 1994, Fujimoto 1995. Mwaka wa Kankkunen, nafasi nne za kwanza zote zilikwenda kwa Celica! ST205 haijashinda Safari hata mara moja. Ilishinda Rali ya Corsica 1995, halafu mwaka huohuo Toyota wakanaswa kwenye Rali ya Catalunya, Hispania, na tabo iliyochezewa ipitishe hewa zaidi ya inayoruhusiwa, wakafungiwa miezi 12. Mimi gari la kumwachia mtoto nataka liwe na historia ya barabara zetu.

Lakini usiamini mdomo wa muuzaji. RC zilitengenezwa 5,000 ili kutimiza masharti ya Group A, daraja la magari ya rali yanayotokana na magari ya kuuzwa, na beji mtu yeyote anabandika. Fungua boneti. Kwenye ST185 ya kawaida, intakula, kile kipoza hewa ya tabo, hupozwa na upepo. Ya RC hupozwa na maji, yenye rejeta yake ndogo na pampu ya umeme. Liendeshe mpaka lipate moto, kisha gusa: intakula ikiwa inaunguza na ile rejeta ndogo ni baridi, maji hayazunguki.

Fundi Kisauni
Heshima kwa Duncan, lakini kwa kuendesha, ST205 iko mbele. Nguvu za farasi 255 kwa ile ya Japani, breki za mbele za pistoni nne, boneti ya alumini. Na kama ni toleo la WRC, la rali kama ilivyo RC, hizo zilitoka 2,500 tu, chache kuliko RC.
Tatizo ni Super Strut, sasapensheni yake ya mbele. Gari likiwa limesimama, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Ikigonga, boljointi zimekwisha, na mimi za kuaminika sijazipata kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi. Huwa naagiza Japani, na bei yake inauma.

Mzee wa Menengai
Asanteni sana. Hiyo ST185 bampa ya mbele si yake, iligongwa zamani. Niiache?

Kiti cha Kushoto
Usiiache kwa bampa, ila bei ishuke. Gari zima la kutoa spea huingizi nchini, sheria hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane. Bampa yenyewe utaagiza. Ukifika, lala chini utazame chesisi nyuma ya hiyo bampa. Ikiwa imepinda au ina weldi mpya, chukua ST205.