Mabati ya kimbunga yamepungua kwenye nyumba tuliyonunua

Kutoka: Dada wa Port St. Lucie

Wanajumuiya, salaam kwenu nyote.

Tumenunua nyumba hapa Port St. Lucie, Florida, imejengwa 2005. Gereji tuliikuta na rundo la mabati ya kuzibia madirisha wakati wa kimbunga. Jumamosi tumeyatoa nje na kuyajaribu, dirisha kwa dirisha. Chumba cha watoto limepungua bati moja, mlango mkubwa wa kioo wa nyuma hauna hata moja, na mawili yamepinda vibaya, nadhani gari liliyakanyaga likirudi nyuma. Aliyetuuzia nyumba hashiki simu. Duka la vifaa vya ujenzi hapa karibu linauza mabati yanayofanana na haya, na mume wangu anasema tukachukue hayo hayo tumalize. Je, tutakuwa salama? Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 na mimi silali.

---

Kutoka: Kaka wa Cape Coral

Dada yangu, hongereni kwa nyumba. Mmefanya jambo la maana kuyajaribu mapema, maana wengi hugundua pengo mvua ikiwa tayari inapiga.

Mwambie shemeji asubiri kwanza. Bati la dukani si baya, shida ni mkunjo. Kila kiwanda kina mawimbi yake: kina chake, upana wake, na nafasi yake kati ya tundu na tundu. Mabati haya hulaliana, wimbi la moja juu ya wimbi la jingine, na ndiyo yanavyopeana nguvu. Ukichomeka la kiwanda kingine katikati, litakaa juu juu, matundu hayatakutana na bolti, na upepo utaingilia pale pale. Yalijaribiwa maabara yakiwa seti moja, yakipigwa na kipande cha mbao kinachorushwa kwa kasi. Ukichanganya, hakuna anayeweza kukuhakikishia lolote.

Kwa hiyo tafuta kwanza asili yake. Chukua bati zima, lifute vumbi, ligeuze pande zote mbili. Kuna stika au mhuri uliogongwa kwenye chuma wenye jina la kiwanda na namba ya idhini. Namba ikianza na FL, ni idhini ya jimbo. Ukiona NOA, ni ya kaunti ya Miami-Dade. Ya FL itafute floridabuilding.org, ya NOA kwenye tovuti ya kaunti hiyo, utapata michoro ya fundi: unene wa bati, urefu wa mwisho unaoruhusiwa, na bolti zikae umbali gani. Chapisha kurasa hizo, ubebe na bati lenyewe, uende kwa mafundi wa shata, wale wanaotengeneza vizuizi vya madirisha tu. Wengi wao wanakata kwa kipimo chako.

Kuhusu unene, sisi tuliokulia chini ya mabati ya geji 30 tunaelewa haraka: namba ikipungua, bati linanenepa. Haya ya chuma mara nyingi ni geji 24 au 22. Bati la paa la nyumbani halisogelei hapo.

Kipimo sasa. Usipime kioo. Pima kutoka ndani ya reli ya juu, ule mfereji wa chuma unaoshika kichwa cha bati, hadi kwenye bolti za chini, kwa sababu bati linasukumwa juu kwanza, halafu linashushwa likae kwenye bolti. Likiwa refu kupita kiasi haliingii, likiwa fupi linachomoka kwenye reli ya juu. Pima kushoto, katikati na kulia; kuta hizi hazijanyooka kama tunavyodhani. Kwa upana, likishalaliana na mwenzake bati moja hufunika kama inchi 12, kwa hiyo mlango wa futi 6 unataka si chini ya sita, na kwa kawaida saba ili kingo zivuke fremu.

Yale mawili yaliyopinda: kama ni kovu dogo, endelea nayo. Kama mkunjo umekata wimbi kwa upana, au tundu limechanika, usiligonge kwa nyundo ulinyoshe. Chuma kilichokunjwa kikanyoshwa kimeshachoka. Linunulie mwenzake.

Na jambo ambalo naona watu wanalisahau kuliko yote: vishikio. Nenda ukutani ukaangalie zile soketi za chuma zilizozamishwa kwenye zege. Nyingi zimejaa rangi kwa sababu fundi wa rangi alipita juu yake. Bolti ni za robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Ingiza moja kwa mkono katika kila tundu. Isiyoingia, isafishe sasa. Ikizunguka tu bila kukaza, ukuta ule unahitaji soketi mpya, na bati zuri kiasi gani halitakusaidia. Nati zenye masikio nunua za akiba, ukizifunga kwenye mfuko mmoja na bolti.

Mkimaliza, andikeni kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila bati: chumba, dirisha, namba kutoka kushoto. Yahifadhini yakiwa makavu, yasimame wima yapitiwe na hewa. Mabati ya zinki yakirundikwa na unyevu huota unga mweupe, kisha kutu nyekundu.

Nawasisitizia kwa sababu ya eneo lenu. Mwaka 2004 vimbunga Frances na Jeanne vilipiga karibu sehemu moja, hapo hapo kwenu, wiki tatu tu kati yake. Dirisha moja likivunjika, upepo unaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje unalivuta kwa juu. Paa huondokea hapo.

---

Kutoka: Mama wa Tampa

Naongeza la bima. Mkaguzi anayeangalia nyumba inavyohimili upepo anajaza fomu ya OIR-B1-1802, na fomu hiyo inahesabu ulinzi ulio dhaifu kuliko wote nyumbani. Madirisha kumi na mabati na mlango mmoja wa kioo uko wazi: punguzo la daraja la juu mmelikosa. Mkikamilisha, mwiteni upya, picha zipelekeni kwa wakala wenu.

Ulizeni pia My Safe Florida Home, mpango wa jimbo wa kusaidia kuimarisha nyumba dhidi ya vimbunga. Ukaguzi wao ni bure, na ruzuku ni dola 2 kwa kila dola 1 yako, hadi 10,000. Fedha huisha, na msianze kazi kabla ya kuidhinishiwa. Kibali cha jiji kiulizieni kabla ya kugusa reli.

---

Kutoka: Kaka wa Broward

Huku Broward na Miami-Dade masharti ni makali zaidi tangu kimbunga Andrew, 1992, kwa hiyo msifuate ushauri wa watu wa huku bila kuuliza jiji lenu. Kimbunga kikiwakuta mabati hayajafika, plaiwudi nene iliyokatwa na kutobolewa mapema ni bora kuliko kioo kitupu. Utepe wa gundi kwenye kioo hausaidii kitu.

Ndugu zangu, upepo ukipita yashusheni mabati siku hiyo hiyo. Mtoto aliyelala chumba kilichozibwa hana pa kutokea moto ukizuka usiku. Ukiwa ndani na mabati yamefungwa, chagua mlango mmoja unaoweza kufunguliwa na aliye ndani, na watoto waujue.

---

Kutoka: Dada wa Port St. Lucie

Asanteni sana, Mungu awabariki. Stika tumeiona, namba ni ya FL na michoro imepatikana. Soketi mbili za dirisha la watoto zinazunguka bure, kwa hiyo fundi anaanzia hapo. Kaka wa Cape Coral, reli ya chini ya mlango wa nyuma imeng'olewa kabisa, yamebaki matundu kwenye sakafu ya zege. Tufunge mpya kwenye matundu hayo hayo au tutoboe pembeni?

---

Kutoka: Kaka wa Cape Coral

Toboeni pembeni. Mchoro wenu una umbali wa chini kutoka ukingo wa zege. Fundi aufuate huo. Matundu ya zamani yazibeni kwa saruji isiyosinyaa.