Dhamana kwa waliokamatwa na unga, yaani dawa za kulevya, uwanja wa ndege: mimi nasema jaji aachiwe aamue. Nyie mwasemaje?

Ndugu zangu wa Tanga, hoja hii barazani Ngamiani kila ikiguswa huishia kwa kupandishiana sauti, ndiyo maana nimeiandika. Mtu akinaswa pale Uwanja wa Julius Nyerere ana kete tumboni, au unga umeshonewa ndani ya sanduku, apate dhamana kesi yake ikiendelea, au akae mahabusu mpaka hukumu?

Nianze na sheria ilivyo, maana wengi humlaumu hakimu wa Kisutu bure. Hana la kufanya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kile kifungu tulichokizoea cha 148(5), imeweka usafirishaji wa dawa za kulevya fungu moja na mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha: dhamana hakuna. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 nayo ina katazo lake. Zamani, chini ya ile ya 1995, kipimo kilikuwa thamani ya mzigo, ukizidi shilingi milioni 10 umekwisha. Siku hizi kipimo ni uzito, unga kwa gramu, bangi na mirungi kwa kilo. Ukishauvuka uzito uliotajwa, hakuna anayeruhusiwa kuuliza una umri gani, una mtoto anayenyonya, uliwahi kufungwa au ndiyo mara yako ya kwanza.

Hapo ndipo ninapopinga.

Tazameni kesi ya uwanja wa ndege inavyokwenda. Mtu akishukiwa amemeza huwekwa chini ya uangalizi, kete anazitoa kwa haja kubwa mbele ya askari na mashahidi, zinahesabiwa, zinafungwa kwa lakiri, zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Pasi yake ya kusafiria imechukuliwa, tiketi imechukuliwa, simu imechukuliwa. Yaani ushahidi mzito wote umo mikononi mwa Serikali mapema kabisa, na mashahidi karibu wote ni askari na wataalamu. Mshitakiwa ataharibu nini? Atamtisha nani?

Lakini kesi hiyohiyo hukaa. Mahakama ya chini haina mamlaka ya kuisikiliza, inaitaja tu. Upelelezi haujakamilika, inapigwa kalenda, karandinga linarudi gereza la Keko au Segerea. Wenye mamlaka ni Mahakama Kuu, ambayo tangu 2016 ina divisheni yake ya rushwa na uhujumu uchumi, ambamo kesi hizi nazo huingia, na ule ukomo wa siku 60 wa kuahirisha kesi, unaozibana kesi nyingine, huku haufiki. Mzazi wa hapa Tanga anapanda basi la alfajiri kwenda Dar, anamwona mwanawe dakika chache, anageuza.

Na ni nani wanaojaa humo? Punda. Vijana walioahidiwa fedha na mtu ambaye mwenyewe hakanyagi foleni ya ukaguzi. Watanzania waliofungwa Hong Kong waliwahi kuandika barua kuwaonya wenzao wa nyumbani wasikubali kubebeshwa. Tajiri wa mzigo hakuandika barua yoyote, maana yuko kwake.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kipande kimoja cha kifungu hichihicho cha dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema 148(5) chote kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo kwa sasa sheria imesimama, na anayeweza kuibadilisha ni Bunge. Ndiyo maana nawauliza nyie wapiga kura.

Sisemi waachiwe ovyo. Nasema jaji wa Mahakama Kuu asikilize pande mbili, mwendesha mashitaka aeleze kwa nini huyu hasa atatoroka, kisha jaji akatae au akubali kwa masharti: pasi ibaki mahakamani, wadhamini wawili wenye nyumba, kuripoti polisi kila wiki, asitoke mkoani bila kibali.

Mchangiaji wa Makorora:
Mwanangu, umeandika vizuri, ila hujalala nyumba moja na teja. Wangu aliuza sufuria zangu, akauza kitanda cha mdogo wake, akaja akang'oa na mlango wa uani. Leo anakwenda hospitali ya Bombo kila siku kunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, namshukuru Mungu. Huyo punda unayemlilia alijua anachobeba. Alijua kinakwenda kuharibu watoto wa watu, wa hapa au wa huko ng'ambo. Tena anayengojewa na kifungo cha maisha, ukishamfungulia mlango, atarudi mahakamani kutafuta nini? Mimi nasema akae.

Mchangiaji wa Mwambani:
Kaka, hiyo pasi unayoitegemea kwetu sisi wa baharini ni karatasi. Mtu akishuka Moa usiku akipata mashua, Vanga ya Kenya si mbali, na Horohoro njia za panya hata watoto wanazijua. Na kwa wenzetu wa Kenya dhamana ni haki ya Katiba. Mmesahau wale ndugu wa Akasha, wauza unga? Walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapata dhamana, kesi ya kuwapeleka Marekani ikavutwa na kuvutwa hadi Januari 2017 walipochukuliwa. Walipofika New York wakakiri mpaka rushwa walizokuwa wakitoa. Unataka na sisi tufike huko?

Mwanzisha mjadala:
Shikamoo mama. Sina neno la kupunguza uliyoyapitia, na sitajaribu. Ila naomba uliangalie hili. Sheria inayopima kwa gramu inambana aliyebeba mara moja kwa wingi. Yule anayezungusha kete mitaani, aliyemharibu mwanao, akikamatwa na kidogo kilicho chini ya uzito ule anaweza kuomba dhamana, na akiipata anarudi kijiweni palepale hata kama mtaa mzima unamjua. Jaji akipewa nafasi ya kumwangalia mtu badala ya mzigo, huyo ndiye ningetaka anyimwe.

Kaka wa Mwambani, la mashua nalikubali, wala si dogo. Mwenye ndugu Vanga na chombo ufukweni jaji ana kila sababu ya kumkatalia, nami nitamuunga mkono. La Akasha naliona tofauti. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inaruhusu kunyima dhamana pakiwa na sababu za msingi, na kwa watu wale sababu zilikuwepo. Kilichoharibu ni rushwa. Na rushwa kwenye kesi isiyo na dhamana bado ina pa kuingilia: upelelezi hucheleweshwa, kielelezo hubadilishwa, shahidi haonekani. Anayeumia hapo ni asiye na cha kutoa, naye ndiye aliye ndani.

Kuna hatari moja ambayo hamkuitaja, nami inanisumbua kuliko ya kutoroka. Makosa ya uhujumu uchumi yenye dhamana humdai mshitakiwa aweke nusu ya thamani iliyotajwa kwenye shitaka, kwa fedha au mali. Tukileta utaratibu huo kwenye unga, tajiri atatoka asubuhi na punda atabaki palepale. Ndiyo maana nimesema wadhamini na kuripoti, sikusema fedha taslimu.

Basi, kama dhamana tangu siku ya kwanza inawatia hofu, tuanzie hapa: akae ndani, lakini mwaka ukitimia kesi haijaanza kusikilizwa Mahakama Kuu, jaji awe na mamlaka ya kumpa dhamana. Upande wa mashitaka utakuwa na mwaka mzima, na kete wanazo mkononi tangu wiki ya kwanza. Mama wa Makorora, hilo nalo unalikataa?