Kukodi gari na kuzunguka Namibia mwenyewe: tupeane uzoefu

Mwananjia
Wakuu, maswali ya Namibia yamekuwa mengi, tuyakusanye sehemu moja. Njia ni ile inayopendwa: Windhoek, Sesriem kwenye matuta mekundu ya mchanga, Solitaire, Walvis Bay, Swakopmund, halafu hifadhi ya wanyama ya Etosha na kurudi. Wanaendesha kushoto kama kwetu, hivyo usukani hautakusumbua. Kazi iko kwenye changarawe. Barabara za B ni lami, lakini ukiingia C na D nyingi ni changarawe tupu. Piga hesabu ya km 60 kwa saa, muda wa ramani ya simu usiufuate. Windhoek hadi Sesriem panga saa tano, na uondoke asubuhi. Wenye maarifa mwageni.

Fundi_Tairi
Naanza na upepo wa tairi, maana ndio unaoharibu safari za watu. Kwa Hilux yenye mzigo na hema juu: lami bar 2.2 hadi 2.4, changarawe 1.8, mchanga mzito 1.2, na ukikwama teremka hadi 1.0. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lililojaa sana likikutana na jiwe kali linakatika, lililopunguzwa kidogo linajibonyeza na kupita. Ila ukirudi kwenye lami ukakimbia 120 na upepo wa mchangani, ubavu unachemka na tairi linapasuka. Kwa hiyo pampu ya kuchomeka kwenye gari si anasa, idai.

Spea ziwe mbili. Ile ya chini ya bodi usiitazame tu, iteremshe palepale yadi. Inashushwa kwa fimbo ndefu inayopenya tundu la nyuma, na fimbo ikikosekana spea utaiona kwa macho tu. Jaribu wili spana kwenye nati zenyewe. Tafuta kipande cha ubao cha kulaza chini ya jeki, la sivyo inazama mchangani badala ya kunyanyua gari. Ukishabadilisha tairi, simama baada ya km 50 ukaze nati tena.

Mguu_Mwepesi
Mkuu Fundi amemaliza ya tairi, mimi naongeza ya kupinduka. Sheria inaruhusu 100 kwenye changarawe, mikataba mingi ya kukodi inasema 80, na gari lina kifaa kinachorekodi. Fuata 80, kwenye kona pungua zaidi. Katikati ya barabara magari yameshakanyaga njia ngumu, kokoto zimesukumwa pembeni zikawa kama tuta. Gurudumu likipanda lile tuta gari linaanza kuelea, dereva anashtuka, anakata usukani kwa nguvu, tairi za mbele zinashika ghafla na gari linabiringika. Dawa yake: ondoa mguu kwenye mafuta, breki usiguse, usukani ushike uelekee unakotaka kwenda, subiri litulie. Foo wili ya juu (magurudumu yote manne yakivuta, kwa gia za mwendo wa kawaida) inasaidia kulituliza kwenye changarawe. Ukifika lami itoe, gia zisijibane.

Ukipishana na gari, sogea kushoto na upunguze. Vumbi lake linafunika kila kitu na mawe yanaruka kiooni.

Bi_Mkataba
Hicho kioo ndicho wanachokitaja wachache wakati wa kusaini. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi kioo, tairi, chini ya gari wala uharibifu wa mchanga na maji. Kupinduka bila kugongana na gari lingine nako kunaweza kuwa nje, na huko ndiko ajali za wageni zinakotokea sana. Uliza kimoja kimoja, upate jibu kwa maandishi. Dipoziti wanazuia kwenye kadi ya krediti yenye jina la dereva, kadi ya kawaida ya benki wengi wanaikataa. Piga video gari zima, hadi chini na paa.

Usiku nje ya mji usiendeshe. Kudu (tandala) anaruka barabarani bila taarifa, na mikataba mingi inaondoa bima jua likizama.

Kijana_wa_Moro
Gari dogo lisilo na foo wili linafika Sossusvlei, kule ndani kwenye matuta ya Sesriem?

Mguu_Mwepesi
Linafika karibu. Kutoka lango la Sesriem kuna lami km 60, inaishia kwenye maegesho. Km 5 za mwisho ni mchanga mtupu, hapo panda gari la kusafirisha wageni. Wenye foo wili: shusha upepo kabla ya kuingia, weka gia nzito, usisimame katikati.

Mwananjia
Mafuta jaza Sesriem, jaza tena Solitaire hata kama geji iko nusu. Kutoka Solitaire hadi Walvis Bay kwa C14 ni kama km 230 na hakuna sheli njiani. Beba pesa taslimu, mashine za kadi zinagoma. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa kwa thamani sawa na dola ya Namibia, lakini dola yao ukivuka nayo kwenda Afrika Kusini haipokelewi.

Fundi_Tairi
Watakaopanda Cape Cross, pwani kaskazini ya Swakopmund, kuona sili: ile barabara ya chumvi inaonekana kama lami. Ukungu wa asubuhi ukiilowesha inateleza vibaya, nenda jua likishakausha.

Bi_Mkataba
Na wapika nyama choma: ukishuka kusini kupitia kizuizi cha mifugo cha Palmwag, kule kaskazini-magharibi, nyama mbichi inachukuliwa, sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ipikeni kabla ya kufika.