Naomba ushauri: diploma ya umeme ama shahada yoyote?

Hamjambo wazazi wenzangu. Kijana wangu, tuko Kayole, alipata C+ kwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya) lakini hesabu ikamwangusha: D+. Yeye anataka uhandisi wa umeme tu (redio zote za nyumbani ameshazifungua, moja haijawahi kuongea tena). Shahada ya uhandisi inataka angalau C+ ya hesabu, kwa hivyo hapo mlango umefungwa. Mjomba wake anashikilia achukue shahada yoyote kupitia KUCCPS (wale wanaopangia wanafunzi vyuo), bora aitwe wa chuo kikuu. Mimi naegemea diploma pale Kabete Poly, chuo cha ufundi hapa Nairobi. Mwalimu wake nilimuuliza, akasema tuelewane nyumbani. Haya.

Mliopitia diploma: baadaye chuo kikuu kiliwapokea uhandisi, ama ile D+ iliwafuata? Na mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi) ulitosha karo?